Oolong nyepesi ya Anxi: ipi inunuliwe kwanza, na namna ya kuionja

Mara ya kwanza nilinunua kwa pua. Muuzaji alifungua pakiti, harufu ya maua ikajaa chumba, nami nikabeba nusu kilo nzima. Miezi mitatu baadaye, ndani ya kopo la bati jikoni, chai ile ilikuwa inanuka kama nyasi kavu na haikuwa na ladha ya kusimulia. Tangu hapo huuliza kwanza mwezi na mwaka wa mavuno, kisha huonja, na jina la chai nalitazama mwisho.

Oolong iko kati ya chai ya kijani na ile tunayoiita chai ya rangi, ambayo Wachina wenyewe huiita chai nyekundu. Majani yakishachumwa hunyaushwa, kisha hutikiswa ndani ya pipa la mianzi linalozungushwa hadi kingo zake zichubuke. Hewa huingia palipochubuka na jani huanza kugeuka rangi, kama bilinganya lililokatwa likaachwa mezani. Joto kali husimamisha mabadiliko hayo, halafu majani hufungwa ndani ya kitambaa na kuviringwa tena na tena mpaka yawe punje ngumu. Katika mtindo mwepesi wa wilaya ya Anxi, mkoani Fujian, mabadiliko husimamishwa mapema na chai haibanikwi kwa moto wa muda mrefu, ndiyo maana maji yake hutoka ya manjano yenye ukijani na harufu yake hukaribia ya maua mabichi. Kwa sababu hiyohiyo huchakaa upesi.

Nafasi ya kwanza naipa Tieguanyin, yaani Guanyin wa Chuma (Guanyin ni mungu wa kike wa huruma kwa Wabudha wa Kichina), mmea wenye asili katika mji mdogo wa Xiping, hasa ile ya mavuno ya Mei. Wauzaji wengi watakusukumia ya Oktoba kwa kuwa harufu yake ni kali zaidi, na wenyeji wana msemo kwamba mavuno ya Mei yana maji na ya Oktoba yana harufu. Lakini anayekunywa chai kila siku atafaidi zaidi maji mazito yanayoteleza kooni na kuacha utamu nyuma ya ulimi. Uliza pia kama ni ya mtindo wa uchachu, ambao majani yake hucheleweshwa kabla ya kupelekwa motoni. Mimi siupendi, kwa kuwa uchachu huo hufunika kasoro nyingi. Usishtuke ukikuta majani yaliyolowa yana kingo zilizomeguka, kwani watengenezaji wengi wa siku hizi hukung'uta kwa makusudi ile kingo nyekundu ili maji yawe maangavu.

Ya pili ni Huang Jin Gui, na kwa mwenye fedha kidogo ingeweza kabisa kuwa ya kwanza. Huvunwa Aprili, kabla ya Tieguanyin, jani lake ni jembamba na jepesi, na harufu yake hufananishwa na ua la osmanthus, ambalo ndilo lililoipa jina. Upungufu wake ni kwamba huishiwa nguvu mapema. Ya tatu ni Ben Shan, ndugu wa Tieguanyin kwa sura, chai ya heshima inapouzwa kwa jina lake. Tatizo ni kwamba mara nyingi huuzwa kwa jina na bei ya nduguye. Mao Xie, yaani kaa mwenye manyoya, naiweka ya nne: ni rahisi kuitambua kwa vinyweleo vyeupe na kingo zenye meno makali, na inatosha kwa birika kubwa la wageni. Zile oolong zinazonukia maziwa kwa nguvu ziache, kwa kuwa kwa kawaida zimetiwa manukato.

Kwa wenzetu wanaokwenda Guangzhou kufuata bidhaa na wakapita soko la chai la Fangcun, jambo la kukumbuka ni kwamba bei hutajwa kwa jin, yaani gramu 500, si kwa kilo. Omba pakiti ndogo zilizofyonzwa hewa, za gramu 7 au 8, na uonje kabla ya kulipa. Waonjaji wa Kichina hutumia gramu 5 kwa mililita 110 za maji yanayochemka, wakaziacha dakika 2 katika maji ya kwanza, 3 katika ya pili na 5 katika ya tatu. Hakuna chai mbovu inayoweza kujificha hapo. Nusa upande wa ndani wa kifuniko cha chombo cha kuonjea kikiwa moto na kikishapoa, halafu acha kikombe kimoja kipoe kabisa: chai nzuri ikipoa hubaki tamu, mbaya hugeuka chungu au hunuka kama mboga iliyochemshwa mno.

Nyumbani usiwe mkali hivyo. Tia gramu 7 katika gaiwan, lile bakuli dogo lenye kifuniko na kisahani, la mililita 110 hivi, mimina maji ya moto na uyamwage mara moja ili punje zianze kufunguka. Baada ya hapo sekunde 15 hadi 20 zinatosha, ukiongeza kidogo kila mara, na utapata finjani sita au saba za mkupuo mmoja mmoja. Tofauti na tui la nazi, hapa la kwanza si bora. Maji ya pili na ya tatu ndiyo yenye uzito. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo yatumie yakiwa bado yanatokota. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo katika sehemu nyingi za pwani, huua harufu yote. Nunua ya chupa. Sukari, iliki na tangawizi ziachie chai ya rangi.

Pakiti zilizobaki ziweke kwenye friza, mbali na samaki, na uzimalize ndani ya mwaka. Ukitoa moja, iache mezani mpaka ipoteze ubaridi kabla ya kuikata, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya majani papo hapo.