Kuogelea na papa potwe Mafia: "Nyie ngojeni kwanza"

Kwanza niseme samaki hana kosa lolote. Mwenye kosa ni kijana aliyetupeleka.

Tulikwenda kisiwani Mafia msimu wa kaskazi, mimi na wifi yangu. Safari ya boti kutoka Nyamisati, huku bara, sitaisimulia, itoshe kwamba tulifika. Kwa asiyejua, kati ya Oktoba na Machi papa potwe husogea karibu kabisa na Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, kufuata chakula, na kumwona hakuhitaji mtungi wala cheti cha kuzamia. Miwani, mrija na moyo wa kujirusha majini vinatosha. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na wala hali watu. Anachuja vijidudu na vidagaa tu.

Basi. Tukatoka asubuhi bahari imelala, nahodha mzee mmoja mtaratibu, na wageni wanne kutoka Ulaya pamoja nasi. Wavuvi wa dagaa wakatuonyesha upande kwa mkono, nahodha akageuza, na kweli, pezi lile pale linakata maji. Mimi nimeshavaa kila kitu, mguu mmoja uko nje ya boti. Yule kijana, muongozaji wetu, akanishika bega: "Dada, nyie ngojeni kwanza. Wenzenu wamelipa dola."

Nilidhani ananitania. Wapi! Sisi tulilipa bei aliyoitaja yeye mwenyewe, kwa shilingi, bila kuomba punguzo, na wakati wa kupokea hakusema kwamba baharini kuna foleni mbili. Tena huyu samaki ukimsonga huzama, kwa hiyo anayeambiwa angoje anaambiwa akose. Wanne wale wakashuka, mmoja akamfuata mkiani kabisa akitafuta picha. Ile hotuba ndefu ya ufukweni, kwamba kaa mita tatu mbali, usimguse, usimkatie njia, ikayeyuka. Dola labda haina mita. Potwe akashuka zake chini, na kijana akatugeukia: "Poleni, bahari ndivyo ilivyo." Bahari! Wifi yangu, ambaye hata akikanyagwa kwenye daladala hasemi kitu, alimjibu neno nisiloweza kuliandika hapa.

Aliyetuokoa ni nahodha. Hakubishana na mtu. Alisema tu, "Wanangu, jiandaeni, mtashuka nikiwaambia," akaipeleka boti mbali na pale, akapunguza moto, akangoja. Tuliposhuka hakukuwa na kitu, maji ya kijani na takataka za mwani. Halafu potwe akatokea chini yetu, madoa meupe mgongoni kama kanga, mdomo wazi, akatupita bila haraka hata kidogo. Wifi alipiga kelele ndani ya mrija nikamsikia. Madoa yale kila samaki ana mpangilio wake, watafiti huwatambua kwa hayo. Mimi huyu wangu ukinichanganyia na wengine leo nitakuonyesha ni yupi.

Kwa hiyo nisidanganye, nilipanda botini nikicheka peke yangu, na wakati ule ungeniuliza ningekupa nyota tano na kijana nikamsamehe. Tukafika ufukweni. Kijana huyo huyo akanyoosha mkono, eti bakshishi. Nikamwambia akaombe kwa waliolipa dola. Nahodha nilimpa yake mkononi, kijana anaangalia.

Nyota mbili. Moja ya nahodha na moja ya... hapana, zote mbili za nahodha. Wenye kampuni niliwaandikia, wakajibu wanathamini maoni yangu na wananikaribisha tena. Mafia nitarudi, hilo halina mjadala, na wewe nenda. Ila kabla hujatoa pesa uliza: nani anashuka kwanza? Mtu akianza kukuzungusha kwenye swali hilo, boti si moja pale Kilindoni.