Fundi aliniambia nimeleta maiti, kumbe ni kitufe

Nilijiapiza nisiandike. Nimeshindwa.

Nina steshenari Mbagala, kazi yangu kuchapa barua na mitihani ya shule za jirani. Wiki kadhaa zilizopita umeme ulikatika usiku, asubuhi nabonyeza kitufe cha kompyuta ya mezani: kimya. Feni haizunguki, mlio hakuna. Nikabadilisha waya, nikaachana na ekstensheni nikachomeka ukutani moja kwa moja. Kimya vilevile. Ila nikichungulia kwenye matundu ya ubavuni, naona kijitaa cha kijani kwenye maza bodi, ile bodi kubwa ya ndani, kinawaka.

Nikapanda bodaboda hadi Kariakoo, sipiyu nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Duka silitaji. Fundi alikuwa anakula chipsi, akafungua boksi kwa vidole vilevile vya mafuta, akachomoa RAM, kile kipande cha kumbukumbu, akairudisha. Nikamwambia, "Fundi, ndani kuna taa ya kijani inawaka." Hata hakuniangalia. Akasema, "Mama, wewe chapa karatasi, ufundi tuachie sisi."

Wenzake wakacheka. Nikacheka na mimi, ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Hukumu yake: pawasapalai, kile kiboksi cha ndani kinachogawa umeme, imekufa. Akaniuzia nyingine, ya mtumba, elfu 35. Akafunga, akabonyeza kitufe, kimya. Hapo ndipo akafuta mikono na kusema, "Basi maza bodi. Mama, hii umeleta maiti, kilichobaki ni kuzika." Hela yangu? Eti kifaa kikishafungwa hakirudishwi. Juu yake elfu 10 ya kufungua boksi!

Mtoto wa dada yangu anasoma ufundi umeme chuo cha VETA. Jioni nikamsimulia huku nimenuna. Akauliza swali moja tu: "Mama mdogo, huwa unaizima?" Nikafikiri. Kwa kweli siizimi, naiacha inalala, nikigusa kibodi inaamka. Kitufe chenyewe nilikuwa sikigusi ila umeme ukikatika, na mara ya mwisho nilikibonyeza mara tatu nne ndipo ikawaka. Nilishasahau.

Akafungua ubavu, akatafuta pini mbili zinazopokea waya wa kitufe cha kuwashia, akazichomoa zile waya, akazigusisha pini kwa ncha ya bisibisi, mguso mmoja kama mtu anaonja chumvi. Feni ikanguruma. Nilipiga kelele majirani wakatoka.

Kitufe! Swichi yake ya ndani imekufa, basi. Akachukua waya za kile kitufe kidogo cha risti, cha kuwashia upya, akazichomeka kwenye zile pini, na sasa naiwashia hapo. Gharama: soda.

Nitende haki lakini. Pawasapalai aliyoniuzia yule fundi ni nzuri. Ile ya zamani ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga, hii haisikiki. Duka lenyewe liko wazi mpaka usiku na bei zao si mbaya ukilinganisha na wengine pale. Ningeishia hapa ningewapa alama za kati, nikasema kila fundi ana siku yake mbaya.

Sasa juzi huyu kijana akanionyesha jinsi ya kupima pawasapalai. Unaichomoa kabisa kwenye umeme na kwenye maza bodi, kwenye ile plagi yake kubwa unaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi, kisha unairudisha kwenye umeme. Kwa kawaida feni yake ikizunguka, ujue inawaka. Haikuchukua dakika mbili. Klipu ninazo boksi zima, ni steshenari! Na kile kijitaa cha kijani kilikuwa kinasema umeme unafika mpaka kwenye bodi. Hakithibitishi kila kitu, kijana amenionya, lakini si cha kuchekewa.

Yaani yule bwana hakupima. Na pawasapalai yangu ya zamani, ile ya kuvuma, aliiweka chini ya meza yake akaniambia ni takataka, niiache tu.

Nikaiacha.

Sitoi tena alama za kati. Jumamosi naenda Kariakoo kudai takataka yangu, na klipu nimeshaitia kwenye pochi.