Matembezi ya usiku, msitu wa Amani: mzee anayefunika tochi

Kazi yangu ni ikolojia ya wanyamapori, na watembeza wageni nimeshaongozana nao wengi. Huyu wa Amani, juu huko milimani Muheza, nampa nyota tano.

Tulianza saa mbili usiku, mvua ndiyo kwanza imekatika. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akaiomba tochi yangu. Akaiwasha, akaizima. "Mama, hii kali mno, utawaumiza wanyama macho." Yake aliifunga kitambaa chekundu. Nusu saa nzima hatukufika hata mita mia mbili. Anayetaka tembo aende Saadani.

Akasimama mbele ya jani pana, usawa wa kiuno changu. Juu yake chura wa kahawia, hafiki kidole gumba, tumbo limetuna. "Ana mimba huyu," akaninong'oneza. Ni Nectophrynoides tornieri, chura asiyetaga mayai majini: huzaa watoto hai. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi kwa picha ubaoni. Pale nililiona likipumua. Ndugu yake, chura wa korongo la mto Kihansi, alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, kwa hiyo mimi siwezi tena kumpita chura nikasema ni chura tu. Nilichuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, na mzee hakunikimbiza.

Miti pia anaijua. Nilimuuliza kwa nini Maesopsis, mti wa kuletwa, umezagaa hivi. Akasema msitu ulikatwa mbao, mwanga ukaingia, na hondohondo wanakula matunda yake na kuangusha mbegu kila wanakopita. Mwanafunzi wangu akijibu hivyo kwenye mtihani, nampa alama zote.

Kilichonikera hakimhusu. Nyumba ya wageni niliyolala, jina naliacha, huwasha taa za nje hadi alfajiri. Asubuhi ukuta ulijaa nondo, na chini wengine wamekufa, wanafagiliwa pamoja na maganda ya ndizi. Nimewaomba wazime saa nne usiku.

Mkienda, vaeni buti za mpira, maana njia inateleza na ruba wapo. Lipeni ada getini, na mzee mpeni chake mkononi.

Nilitaka kumletea wanafunzi kumi na wawili kwa mkupuo. Amekataa: mwisho wanne kwa usiku mmoja. Tumekubaliana siku tatu.