Azelastini na flutikasoni katika chupa moja: dawa ya pua kwa walioshindwa na vidonge

Kuna watu ambao nyasi zikianza kuchanua baada ya mvua, raha imekwisha. Asubuhi ni chafya mfululizo, kaakaa linawasha mpaka ndani ya masikio, macho yamevimba, na usiku wanalala mdomo wazi kwa sababu pua zote mbili zimeziba. Wamemeza Piriton, wakahamia setirizini, wakajaribu loratadini, na hali ni ile ile. Tunawaandikia hao. Dawa tunayoipima ni ile ya kupuliza puani yenye dawa mbili ndani ya chupa moja, azelastini na flutikasoni, inayouzwa Ulaya kwa jina la Dymista na kutengenezwa pia na kampuni za India kwa majina mengine. Ni dawa nzuri, na kwa mafua makali ya mzio tunaiweka mbele ya dawa nyingine za kupuliza. Ila wengi wanaoinunua wangepata nafuu kwa chupa ya bei ya chini laiti mtu angewaonyesha namna ya kuishika.

Tuanze na vidonge, maana ndipo pesa nyingi hupotelea. Setirizini, loratadini, feksofenadini na Piriton yenyewe zote hufanya kazi moja: huzuia histamini, kemikali ya mwili wenyewe. Histamini ndiyo inayoleta chafya, mwasho na kamasi jepesi linalotiririka kama maji. Kuziba kwa pua ni habari nyingine. Huko mishipa ya damu na utando wa ndani umevimba, na uvimbe huo unaendeshwa na kemikali nyingine kadhaa ambazo kidonge cha kuzuia histamini hakizigusi. Kwa hiyo anayelalamika kuziba zaidi kuliko kupiga chafya, kubadilisha kidonge kimoja kwa kingine ni kuzunguka palepale, na kumeza viwili vya aina hiyo kwa pamoja humwongezea usingizi tu. Piriton ya miligramu 4 ndiyo mbaya zaidi kwa usingizi. Dereva, awe wa basi au wa bodaboda, hana sababu ya kuitumia mchana wakati setirizini na loratadini za miligramu 10, kimoja kwa siku, zipo kila duka la dawa. Setirizini nayo huwalaza baadhi ya watu, basi waimeze jioni. Anayetumia feksofenadini aimeze kwa maji matupu: juisi ya machungwa, ya balungi au ya tofaa huzuia dawa isiingie mwilini vizuri, na hapo mtu husema dawa ni feki.

Kosa la pili ni zile dawa za kuzibua pua zenye zailometazolini au oksimetazolini. Zinafurahisha. Dakika chache tu pua iko wazi. Lakini zikitumika zaidi ya siku 5 hadi 7, mishipa huzizoea, na kila zinapoisha nguvu uvimbe unarudi kwa ukali kuliko mwanzo, mtu anapuliza tena, na mwezi unapita. Huyo sasa ana ugonjwa mwingine juu ya ule wa kwanza, na hata dawa hii tunayoisifu itaonekana dhaifu kwake. Njia ya kutoka ni kuanza dawa ya pua ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe kama flutikasoni, kila siku, kisha kuacha ile ya kuzibua tundu moja kwanza, na la pili baada ya la kwanza kutulia. Siku za mwanzo ni za taabu, zinapita.

Kabla ya chupa ya dawa mbili, jaribu kwanza steroidi peke yake. Flutikasoni propionati huja kwa mikrogramu 50 kwa kila mpulizo. Kwa mtu mzima ni mipulizo 2 kila tundu, mara moja kwa siku, kisha mmoja kila tundu hali ikishatulia. Mometasoni ni vivyo hivyo. Beklometasoni ni ya zamani na mara nyingi ndiyo rahisi zaidi kwa bei, lakini hupulizwa mara mbili kwa siku na sehemu kubwa zaidi huingia kwenye damu, ilhali kwa flutikasoni na mometasoni kinachoingia ni kidogo mno. Hofu ya neno “steroidi” inatokana na vidonge na sindano. Kiasi cha puani ni mikrogramu, si miligramu. Kinachowaangusha watu ni subira. Dawa hii huanza kufanya kazi baada ya saa kadhaa na hufikia nguvu yake kamili baada ya siku nyingi, hata wiki 2. Anayepuliza siku pua imeziba na kuacha ikifunguka hajaijaribu bado. Anayejua msimu wake aanze wiki 2 kabla.

Sasa namna ya kupuliza, maana ndiyo nusu ya matokeo. Penga kamasi kwanza; dawa ikitua juu ya kamasi, utaipenga pamoja nalo. Tikisa chupa sekunde 5, kwa kuwa dawa huzama chini na usipotikisa utapuliza maji leo na matope mwezi ujao. Inamisha kichwa mbele kidogo, kama unayesoma gazeti lililo mapajani. Wengi hukiangusha nyuma, na hapo dawa huteremka moja kwa moja kooni. Tundu la kulia tumia mkono wa kushoto, la kushoto tumia wa kulia. Mkono uliovuka uso unaelekeza ncha upande wa nje, kuelekea sikio la upande huohuo, mbali na ukuta wa katikati ya pua. Ukuta huo ndio unaotoka damu. Anayepuliza tundu la kulia kwa mkono wa kulia huulenga kila siku mahali palepale mpaka panachubuka, kisha analaumu dawa. Bonyeza huku ukivuta hewa taratibu. Usivute kwa nguvu kama mtu wa ugoro. Ukisikia ladha kooni, dozi hiyo imekupita. Usipenge kwa dakika 15 zinazofuata, na ufute ncha kwa tishu safi kabla ya kurudisha kifuniko.

Ukifanya hivyo kila siku kwa wiki 2 hadi 4 na bado unateseka, hapo ndipo chupa ya dawa mbili inapostahili pesa yake. Kila mpulizo una azelastini mikrogramu 137 na flutikasoni 50, na kipimo ni mpulizo 1 kila tundu, asubuhi na jioni. Azelastini ni ya jamii ya vidonge vile vya kuzuia histamini, ila ikiwekwa puani penyewe hufika kwa wingi usioweza kufikiwa kwa kumeza, na huanza kazi ndani ya nusu saa au chini ya hapo. Flutikasoni inashughulikia uvimbe polepole nyuma yake. Mgonjwa anapata nafuu ya haraka inayomshawishi asiache dawa, na majaribio ya hospitalini yalionyesha kuwa mchanganyiko huu unashinda kila moja ikitumika peke yake. Pia unayatuliza macho kwa kiasi. Macho yakizidi, ongeza matone ya olopatadini au ketotifeni. Anayevaa lenzi azitoe kwanza.

Kasoro zake tuziseme. Ni chungu. Azelastini ikiteleza kooni huacha ladha inayokaa mdomoni na kuharibu chai ya asubuhi, na wapo wanaoiacha kwa sababu hiyo pekee. Kichwa kikiinama vizuri tatizo hupungua, ingawa haliishi. Kutoka damu puani ndiyo kero ya kawaida zaidi, na baadhi huumwa kichwa. Wachache husinzia, kwa hiyo siku za mwanzo usiendeshe mbali, na usichanganye na pombe. Bei yake kwa kawaida ni juu zaidi ya flutikasoni pekee. Na kama setirizini ilikuwa inakusaidia kidogo, unaweza kuiacha kabisa ukiwa kwenye dawa hii. Ushahidi kwamba kuongeza kidonge juu yake kunasaidia ni hafifu.

Kitu kimoja kisicho na gharama huisaidia dawa yoyote ya pua: kuosha pua kwa maji ya chumvi kabla ya kupuliza. Changanya vijiko 3 vya chai vya chumvi isiyo na iodini na kijiko 1 cha magadi ya kuokea (“baking soda”, si magadi ghafi), uhifadhi kwenye chombo kikavu. Kila mara chukua kijiko 1 cha mchanganyiko huo kwa mililita 240 za maji yaliyochemka dakika 3 na kupoa hadi uvuguvugu. Chumvi ya mezani ya Kenya na Tanzania huwekwa iodini, na baadhi ya watu inawachoma puani. Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa usithubutu: kuna ameba adimu iitwayo Naegleria fowleri ambayo ukiinywa haikudhuru, lakini ikipitia puani hupanda hadi kwenye ubongo na karibu kila mara huua. Inama juu ya sinki, pumua kwa mdomo, minya chupa taratibu upande mmoja maji yatokee wa pili. Subiri dakika 10 pua ikauke, ndipo upulize dawa.

Wapo wasiopaswa kuigusa chupa hii ya dawa mbili, na la kwanza linahusu watu wengi Afrika Mashariki na halisemwi vya kutosha kaunta. Anayetumia ARV zenye ritonaviri, kama vile za mstari wa pili zenye atazanaviri au lopinaviri, asitumie flutikasoni ya aina yoyote bila daktari wake kujua. Ritonaviri huzuia ini kuivunja flutikasoni. Kile kidogo kinachoingia kwenye damu hurundikana, na baada ya wiki kadhaa uso unakuwa mviringo, tumbo linakua, sukari inapanda. Mometasoni na budesonidi nazo zina mashaka hayo. Hapo beklometasoni, ile ya zamani tuliyoipita haraka, ndiyo huchaguliwa. Dolutegraviri haina tatizo hili. Wengine wa kumwona daktari kwanza ni wenye presha ya macho au mtoto wa jicho, waliofanyiwa upasuaji wa pua karibuni, wajawazito, na watoto walio chini ya miaka 12.

Dawa ikishindwa hata baada ya yote hayo, uliza kama unachotibu ni chavua, ule unga wa maua, kweli. Nairobi watu huulaumu mjakaranda kila unapochanua kati ya Septemba na Novemba, lakini chavua yake hubebwa na nyuki, ni nzito na haipeperuki mbali. Nyasi zinazochanua chini yake ndizo mtuhumiwa wa haki zaidi. Pwani, anayeugua mwaka mzima na kuamka vibaya zaidi kuliko anavyolala, mara nyingi shida iko kwenye godoro: utitiri wa vumbi hustawi penye unyevu, na dawa ya pua itaupunguzia makali tu mpaka shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki na godoro livishwe mfuko wa zipu. Pua iliyoziba upande mmoja tu, inayotoa damu au usaha, au iliyopoteza kabisa harufu, hiyo ni ya daktari wa masikio, pua na koo. Kifua kikibana au kupiga miluzi usiku, pimwa pumu.

Kuna sindano ya triamsinoloni ambayo baadhi ya zahanati humpa mtu mara moja “imalize msimu”. Inafanya kazi, na ndiyo maana inapendwa, lakini steroidi hiyo hukaa mwilini wiki nyingi na haitoleki ikileta madhara kwenye sukari, mifupa au tezi za adrenali. Tunaikataa. Njia inayobadilisha ugonjwa wenyewe ni kuuzoesha mwili chavua kidogo kidogo, jambo lililoanza kuandikwa kitaalamu London mwaka 1911. Siku hizi Ulaya kuna vidonge vya kuyeyusha chini ya ulimi, kama Grazax: kimoja kila siku kwa miaka 3, kuanzia angalau miezi 4 kabla ya msimu, cha kwanza mbele ya daktari. Kwa Mswahili anayeishi Uingereza na kuteswa na nyasi za Juni, ni jambo la kumuuliza daktari wake. Kuagiza kidonge hicho kije Arusha au Eldoret ni kupoteza pesa, kwa sababu kimetengenezwa kwa nyasi ya timothi, ya nchi za baridi, na nyasi nyingi za joto za kwetu ni za ukoo mwingine ambao chavua yake haifanani vya kutosha na hiyo.

Ukinunua, soma boksi: yawepo majina mawili, Azelastine na Fluticasone, na namba 137 na 50. Zipo chupa za azelastini pekee zenye umbo lile lile. Chupa mpya ibonyeze mara 6 hewani mpaka itoke ukungu laini. Ikikaa zaidi ya wiki bila kutumika, mara 1. Usiiweke kwenye friji. Chupa ya mipulizo 120 inakwisha kwa siku 30 ukipuliza mara 4 kwa siku, lakini baada ya hapo pampu bado itatoa kitu kwa siku kadhaa, na kitu hicho hakina kipimo. Andika kwa kalamu tarehe ya kufungua kwenye lebo, na hata kama umeitumia kwa vipindi, itupe miezi 6 ikitimia.