Mnafu: wa nazi au wa karanga?

Kwa mtu anayechagua sana chakula, kikwazo cha mnafu ni ule uchungu. Nimempikia mwanangu kwa njia zote mbili. Tui zito la nazi hufunika uchungu upesi. Siku ya kwanza alimaliza sahani. Ila alichopenda ni nazi, mboga yenyewe hakuionja.

Karanga za kusaga hazifichi hivyo. Unaanza na utamu mzito, kisha uchungu unakuja taratibu kooni. Tonge la kwanza alilitema. Nikaendelea kumwekea kidogo tu, cha ncha ya kijiko, pembeni ya ugali wa moto, bila kumlazimisha. Wiki ya tatu akachovya mwenyewe!

Mimi nachagua karanga. Ukianza na nazi, punguza tui kila unapopika.