Mashine ya kuosha vyombo: niliambiwa bodi imekufa, kumbe ni klipu ya paipu

Mashine yangu ya kuosha vyombo iko jikoni kwangu Tudor, Mombasa, mwaka wa tatu sasa. Niliinunua ikiwa imetumika, kwenye duka linalouza vitu vya kontena kutoka Uingereza. Mimi hupika biriani na pilau za oda, na Ijumaa vyombo hurundikana hadi mlangoni, kwa hivyo ilipoharibika sikuwa na nafasi ya kungoja.

Ilianza hivi. Nawasha, pampu inalia mfululizo, maji hayaingii, na kijitaa chenye alama ya bomba kinawaka na kuzima. Fundi niliyeletewa na duka alikaa dakika 10, hakufungua hata skrubu moja, akasema, "Mama, bodi imekufa." Bodi (saketi ya umeme inayoiongoza mashine) na kazi yake, shilingi 15,000. Nilimwambia nitafikiria. Mtu ambaye hajaangalia ndani amejuaje?

Kwa vile taa ilikuwa ya bomba, nilianza na maji. Mashine imeandikwa inataka presha ya bar 0.5 angalau, na kila mita 10 za kimo cha tangi hutoa bar 1. Tangi letu liko juu ya ghorofa ya tatu, nami niko chini, basi presha ipo. Nikafunga koki, nikafungua paipu ya kuingiza maji, nikaielekeza kwenye ndoo ya lita 20. Nilipofungua koki ilijaa kabla ya dakika 2. Kijichujio cha mdomoni mwa paipu kilikuwa na mchanga kidogo, nikakisugua kwa mswaki. Maji hayakuwa na lawama.

Hapo nikampigia shemeji yangu, ambaye kazi yake ni pampu za meli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama pampu inalia hata kabla ya kuchagua aina ya kuosha. Nikasema ndiyo. "Basi shemeji, tazama chini kwanza. Mna maji mahali yasipotakiwa, na boya limepanda."

Sikujua mashine ina boya. Chini kabisa mna beseni, na ndani yake kiboya chepesi kinachokaa juu ya swichi. Maji yakivuja yakajaa pale, boya huinuka, swichi inabonyea, na mashine inakataa kuingiza maji mengine huku pampu ikijitahidi kuyatoa yaliyomo. Yaani ilikuwa ikiilinda nyumba yangu isifurike, nasi tukasema imekufa.

Nilichomoa plagi na kufunga koki (tafadhali usiruke hatua hii, umeme wetu ni volti 240 na unapita kwenye maji). Mimi na kijana wangu tukailaza mashine kwa nyuma polepole, maji yakamwagika karibu jagi zima. Ikakauka usiku kucha, asubuhi ikaosha vizuri. Siku ya nne kilio kikarudi.

Shemeji akanifundisha njia ambayo nitaikumbuka maisha. Toa ubati wa ubavuni, tandaza gazeti kavu ndani ya beseni, rudisha ubati, osha mara moja, chomoa plagi, kisha uangalie gazeti limelowa wapi. Langu lililowa pembeni, chini kabisa ya paipu inayotoka kwenye pampu. Juu yake palikuwa na mchirizi mweupe, mgumu kama chokaa ya ukutani. Maji ya kisima ya hapa kisiwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yakikauka huacha alama, na alama ile ndiyo iliyonionyesha njia. Klipu ya chuma inayoibana paipu ile ilikuwa imeliwa na kutu hadi imekatika. Klipu ya stenlesi nilipata Mwembe Tayari kwa shilingi 60.

Nikiwa nimeshafungua, niliazima mita ya kupimia umeme nikapima ukinzani wa hita. Ya wati 2,000 kwa volti 230 inatakiwa isome karibu omu 26. Yangu ilisoma 27, nikaiacha. Chini ya chujio nilitoa kokwa ya tende na miiba ya samaki changu.

Sasa nasema kuhusu mashine yenyewe. Sahani, glasi na vijiko inaosha kuliko mkono wangu. Mafuta ya biriani hayabaki. Plastiki haikauki sawasawa, na sinia lenye ukoko lazima uliloweke kwanza. Sufuria za alumini usitie kabisa: sabuni yake ni kali na inazitia weusi, mimi nimeharibu mbili. Vyombo vikianza kutoka na ungaunga mweupe, angalia chumvi ya kulainishia maji. Lazima iwe ile ya mashine. Chumvi ya mezani ina viungio vya kuizuia isigandane, na ile ya bahari inayotoka Gongoni na Marereni ina madini mengine. Ni nzuri kwa samaki, si kwa kifaa hiki. Tena jueni kwamba kilainishi cha maji huondoa chokaa tu, hakiondoi uchumvi wa kisima, na uchumvi ule ndio unaokula chuma. Mimi sasa naiwekea maji ya mfereji, yaani ya bomba la mji, na siku yasipotoka naosha kwa mkono.

Huduma ya fundi wa duka siipendekezi. Shilingi 15,000 ni oda kadhaa za biriani, na hata kwa bodi mpya pampu ingelia vilevile, kwa sababu boya lingekuwa bado juu.

Ndani kuna klipu tatu nyingine za zamani. Nimeshanunua za kubadilisha, zimo kabatini, nangoja shemeji arudi kutoka safari tuzitoe zile za zamani zote kabla hazijakatika.