Hema zuri, zipu mbovu, na muuzaji asiye na adabu

Sitaeleza hema ni la watu wangapi wala la rangi gani, hayo yameandikwa kwenye mfuko wake. Nataka kuzungumzia zipu ya mlango, na yule kijana aliyeniuzia.

Nilipata kazi ya msimu, kuwapikia watafiti waliopiga kambi Tsavo Mashariki, upande wa mto Galana. Makubaliano yalikuwa kila mtu aje na hema lake. Langu nililinunua jipya kwenye duka moja hapa Mombasa mjini, kwa pesa ambazo kwa mpishi si mchezo. Siku hiyo kijana alikuwa na maneno matamu: "Mama, hili utawarithisha wajukuu."

Miezi ya kusi huku kwetu twapata vimvua vya kupita, lakini Tsavo ni ukavu mtupu na upepo. Lile vumbi jekundu, lile lile linalowafanya ndovu wa kule waonekane wekundu, huingia hata kwenye chumvi, seuze meno ya zipu! Kila jioni nilikuwa nikiisugua zipu kwa mswaki mkavu, kisha naipaka nta ya mshumaa kama alivyonionyesha dereva wetu. Lakini ilikuwa nyembamba mno, zipu ya kushonea sketi, na kwenye kona ya chini, pale mlango unapopinda, haikuacha kukwama. Usiku mmoja nikavuta, kichwa kikapita, nyuma yake meno yakabaki wazi. Nikarudisha, nikavuta tena. Wazi.

Asiyewahi kulala porini ataona ni jambo dogo. Askari wa wanyama alishatuambia tulipofika: hema lililofungwa mnyama hulichukulia kuwa ni ukuta, akapita zake, kwa hivyo tusilale mlango wazi hata joto liwe vipi. Na mimi mlango wangu una pengo la kupitisha kichwa cha mbuzi. Nikabana kwa pini na vibanio vya nguo, nikatundika leso kwa ndani, nikaweka sufuria kubwa ya wali izibe chini. Saa nane za usiku fisi akaja kunusa pale pale kwenye leso. Pumzi zake nazisikia. Sikupata lepe la usingizi mpaka adhana ya simu ikalia, na kulipokucha nikakuta nge chini ya mkeka.

Nitende haki: kitambaa chake ni kizuri kwelikweli. Kuna siku upepo uliangusha mahema ya wenzangu, langu likasimama, fito hazikupinda hata kidogo. Lau ningeandika siku ile, ningelisifu bila kusita.

Niliporudi nikalipeleka dukani. Sikutaka makubwa, wabadilishe zipu tu. Nilimsalimia vizuri, nikamwita mwanangu, maana ni mtu ningeweza kumzaa. Hata kulikunjua hakulikunjua. Akaniambia mbele ya wateja, "Mama, hili ni hema, si mlango wa duka. Wewe wafungua wafunga, wafungua wafunga, zipu itakaa?" Watu wakacheka. Alitaka nitoke wapi alfajiri kwenda kuwasha moto? Nipasue ukuta?

Fundi wa viatu karibu na soko la Kongowea aliifumua zipu yote, akashona nyingine nene ya begi. Bei yake haikunikata maini, na sasa inateleza vizuri, konani pia. Hapo ndipo hasira zilipozidi. Kumbe lilikuwa jambo la kumalizika siku moja, na duka zima likashindwa!

Nilikuwa nimeamua kuwaambia msinunue. Sasa nasitasita, kwa sababu hema lenyewe, likishatiwa zipu ya maana, msimu ujao nitakwenda nalo. Lakini mtu anayejua unakwenda kulala kwenye fisi, akakupa mlango wa zipu ya sketi, huyo amekuuzia nini? Hapana, msinunue. Na mkinunua, lisimamisheni pale pale dukani, vuteni zipu kwenye kona ya chini tena na tena, hata akinuna.

Pesa zangu sizitaki tena. Nataka aniombe radhi, na iwe mbele ya watu.